Tandiko la Mama

Simwamini mtu anayesema amelala vizuri. Kazi yangu hapa Louisville, Marekani, ni kuwageuza wazee vitandani, na miaka sita imenifundisha kwamba shuka husema ukweli kabla ya mwenye shuka. Kwa hiyo Mama aliponiambia, asubuhi yake ya kwanza kwangu mtaa wa Highview, kwamba amelala kama mtoto mchanga, nilimtazama akijiinua kitini kwa mikono miwili nikajua ananidanganya kwa adabu. Kwetu mgeni halalamikii kitanda. Hata akilala juu ya mawe, kukicha atashukuru.

Hapo hapo nikamshuku dada yangu. Mama alikuwa ameishi kwake Buffalo, mitaa ya Bailey, miaka mitatu, kisha miezi miwili kwa kaka yetu Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus, na sasa nyonga ilimuuma hata akipanda ngazi tatu. Tumezaliwa wanne. Kitindamimba bado yuko kambi ya wakimbizi Tanzania na mkewe, faili lake la kuja huku limekwama, kila mwaka anaambiwa asubiri. Nilimpigia dada nikamuuliza alikuwa akimlaza mama yetu juu ya nini. Alisema alimnunulia godoro jipya, zuri kuliko lake mwenyewe. Sikumwamini. Kaka naye akasema hivyo hivyo, na yeye sikumwamini. Nilitaka Mama aache kuhamahama, abaki kwangu, na niliona kitakachomshika ni usingizi tu.

Dukani walituonyesha tandiko la sponji, lile la kuweka juu ya godoro, unene wa vidole vinne. Muuzaji alilibonyeza kwa kiganja, akakitoa, na alama ya mkono wake ikabaki pale ikijaa taratibu. Alisema sponji hii inaukumbuka mwili wa mtu. Mimi kitu kinachonikumbuka kabla sijakilipia kinanitia wasiwasi. Nililinusa tandiko, nikafungua zipu, nikauliza kama ndani ni sponji moja au vipande vilivyogundishwa, maana kambini tuliwahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia: godoro zuri la maua, ndani makombo ya sponji na majani makavu. Muuzaji alicheka. Mimi sikucheka.

Kisha akamwomba Mama ajilaze, ajaribu. Mama alimtazama kana kwamba ameambiwa avue nguo. Mama mzima wa kanisa, anyooshe miguu mbele ya wanaume wasiomjua? Alikumbatia mkoba wake akageukia mlango. Basi nikalala mimi kwa niaba yake, mimi niliye karibu mara mbili ya uzito wake, na mgongo wangu ndio uliochagua.

Wiki nzima alisema amelala vizuri, Mungu anibariki. Wiki nzima alichechemea. Nikaanza kuishuku sponji yenyewe.

Jumamosi asubuhi, alipoingia tu kuoga, niliingia chumbani kwake nikaweka kiganja juu ya tandiko. Lilikuwa baridi. Tena gumu, na sponji ile hulainika kwa joto la mtu. Shuka lilikuwa limenyooka kama nilivyolitandika mimi. Nyuma ya mlango nikakuta mkeka umekunjwa, na blanketi juu yake, lina joto bado.

Sikumwita. Nilimpigia dada Buffalo nikamwambia akatoe shuka kwenye kitanda cha Mama. Alinuna, akasema Mama hutandika mwenyewe na hataki kuguswa vitu vyake, lakini akaenda. Nikasikia kitu kikichakarika.

"Nailoni ya dukani bado imefunika godoro," alisema. "Haijatobolewa hata mahali pamoja."

Nilikuwa nimemtuhumu bure, nikaona haya, nikamwomba msamaha.

Mama alitoka bafuni akanikuta nimekaa kitandani, mkeka magotini. Hakujifanya kushangaa.

"Mwanangu, kitanda ni cha mtu aliyefika," alisema. "Mimi mtoto wangu mmoja bado analala chini. Nitapandaje juu?"

Nilikasirika, sifichi. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba nyonga yake haisogezi faili la mtu hata hatua moja. Akasema anajua. Akasema mdogo wetu kila anapompigia simu kutoka kambini humuuliza amelalaje, na huyo hawezi kumdanganya.

Kisha akaketi kando yangu na kwa mara ya kwanza akaweka mkono juu ya sponji. Alibonyeza, akautoa, akaitazama alama ya vidole vyake mpaka ikaisha. Alipima upana kwa shubiri, kutoka ukingo hadi ukingo, bila haraka.

"Siku wakija, yeye na mkewe watatosha hapa?" aliniuliza.

Nikamwambia watatosha.