Maji ya Hausabai Hayana Mlango

"Nani hapa amewahi kupanda mapangoni akarudi na kiu? Ajitokeze nimpe mbuzi wangu!"

Hivyo ndivyo Hausabai Kharat alivyotamba kwenye kipaza sauti, siku ya kuzaliwa kwa Babasaheb, yule mtetezi wa koo zilizoitwa najisi, mbele ya watu wote wa kijiji cha Kondhvadi. Mbuzi hakuulizwa. Na Hausabai akipewa kipaza sauti hakirudishi upesi. "Maji ya hodhi letu hayakauki, hayauzwi, wala hayakuulizi wewe mtoto wa nani. Njooni mnywe! Hata wa mjini, njooni mnywe!"

Watu wakapiga makofi mpaka mwenyekiti wa kijiji, ambaye hapendi makofi yasiyo yake, akaanza kukohoa.

Wala hakuwa anapiga domo tupu. Hodhi lipo kweli, juu kabisa msitu unapokomea, limechongwa kwenye mwamba kando ya lile pango kubwa lenye stupa, kuba la ibada la jiwe. Watawa wa Kibudha ndio waliolichimba, enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, ili wao na mpita njia yeyote wapate kunywa. Mvua hulijaza, mwamba hulifunika jua lisilifikie. Mwezi wa tano, visima vya bondeni vinapobaki tope na vyura waliokata tamaa, wanawake wa Kondhvadi hupita msituni na vyungu vichwani, wakapanda kuchota huko. Hakuna pengine.

Hausabai alipelekwa huko mara ya kwanza na baba yake, Sakharam. Baba huyo, kwa sababu ya ukoo wake, hakuruhusiwa kugusa kisima cha kijiji cha chini. Akiwa na kiu alichuchumaa pembeni, akakinga viganja, na mwenye ukoo wa heshima akammiminia maji kutoka juu, kwa mbali, kama anamwagilia mche asioutaka. Siku moja kiu ikashinda woga, Sakharam akashika kamba mwenyewe. Walimvunja mkono. Ukaunga umepinda. Kwa mkono huohuo alimshika bintiye akampandisha ngazi za mawe mpaka hodhini, akamwambia, "Kunywa, mama. Hawa waliochimba hawakuuliza ukoo."

Kwa hiyo mtu asimwone Hausabai anajigamba na maji, akadhani anajigamba na maji tu.

Sasa tuje kwa Tushar. Tushar ni kijana wa Pune, ana kambi ya mahema chini ya kilima, na viatu vya kutembelea msituni ambavyo vikipata tone la tope huvifuta kwa kitambaa cha mfukoni. Siku ile ya hotuba alikuwa nyuma na simu yake. Akamrekodi Hausabai, akamwekea muziki, chini akaandika jina la kambi. Siku chache baadaye nusu ya mji ilikuwa imemwona bibi mwenye pengo akipiga kelele "Njooni mnywe!"

Wakaja. Ila kunywa haikuwa nia yao.

Jumapili ya kwanza Hausabai alipanda na wifi yake, Anusaya. Kabla hawajafika walisikia ngoma za spika zikitoka pango la sala. Ndani, vijana wawili wamepanda juu ya stupa wanapigwa picha. Nje, wengine wamo hodhini, na povu la sabuni linaelea kama maziwa yaliyochacha.

"Nyie! Tokeni humo! Hayo ni maji ya kunywa!"

"Jamani, ni yeye!" mmoja akapiga kelele, kichwa kimejaa povu. "Bibi Njooni-Mnywe! Bibi, sogea tupige picha!"

"Nikisogea nitakupiga, na haitakuwa picha."

Wakacheka sana. Walidhani ni sehemu ya burudani waliyolipia.

Hausabai alipokwisha kuchota pembeni, povu lisipofika, mama mmoja mwenye kofia pana, ametoka jasho, akamsogelea kwa upole. "Dada, hicho chungu chako nakiona kina maji safi. Naomba funda moja." Kisha, mkono umeshaufikia mdomo wa chungu, akasita. "Samahani, jina la ukoo wako ni nani?"

Swali hilo huku kwetu hata mtoto anajua linachouliza.

"Kharat."

"Aah." Mkono ukarudi. "Basi, kiu yenyewe imepoa."

"Imepoa?" Hausabai akashika kiuno. "Na yule mwenye kaptura nyekundu ni mwanao?"

"Ndiyo."

"Mwambie atoke upesi, dada. Humo nachovya mikono hii kila siku. Ukoo wangu umeshamfika shingoni."

Anusaya alicheka njia nzima ya kurudi. Hausabai hakucheka. Chungu kilikuwa kinanuka sabuni ya limau.

"Wafukuze," Anusaya akamwambia. "Kaa pale na fimbo, useme hapa si pa kwenu."

"Kwa maneno gani? Yale aliyoambiwa baba?"

"Basi wasiguse. Waje na chupa zao, wewe usimame juu uwamiminie. Wakinge viganja."

Hausabai alisimama katikati ya njia. "Anusaya, umesikia ulichosema?"

Anusaya akasikia.

Hilo ndilo lililomsumbua Hausabai. Kama maji ni ya wote, na wote wenyewe ndio hawa, utayalindaje bila kugeuka kuwa walewale waliomvunja mzee mkono? Akaamua atakaa. Kila Jumapili alijibebea mkate wake wa mtama na pilipili ya kutwanga, akaketi mdomoni mwa hodhi na lota, kile kikopo cha shaba cha kuchotea, akimwambia kila ajaye, "Chota mwenyewe, kunywa ushibe, ila usiingie." Wapo waliochota, wakanywa, wakamshukuru. Wapo waliomruka kichwa, wakajitosa.

Akamfuata Tushar kambini.

"Mwanangu, ifute ile video."

"Bibi, si ulisema mwenyewe njooni?"

"Nilisema mnywe. Nilisema mje kusugua kwapa?"

"Watu wanafurahi, bibi. Umekuwa maarufu. Halafu lile hodhi si lako."

"Si langu, ndiyo. Lingekuwa langu ningekuwa nimelala nyumbani."

Tushar akamkaribisha chai. Hausabai akaikataa, na Hausabai kukataa chai ni jambo la kutangazwa redioni.

Kisha watoto wa Kondhvadi wakaanza kuharisha. Mjukuu wa Anusaya alitapika mpaka macho yakaingia ndani. Hapo wanawake wakajifunga vibwebwe, wakashuka wote mpaka ofisi ya wilaya, Hausabai mbele. Hawakupeleka mtu wa kuwasemea. Bwana mkubwa wa pale aliwasikiliza, kichwa kimeinama upande, uso wa huruma ungedhani ni yeye anayeharisha.

"Mama, haya mliyosema yameniuma," akasema. "Urithi kama ule! Serikali itachukua hatua."

"Lini?"

"Mara moja."

"Mara moja ya kwenu au ya kwetu?"

Akacheka, akawaandikia. Wakarudi wakiimba, na jioni hiyo Hausabai akawaambia majirani zake kwamba ofisini bado wamo watu.

Na hatua zilichukuliwa kweli. Tatizo la serikali yetu si kwamba haifanyi kitu. Wiki ya tatu Hausabai alipanda na chungu chake, akakuta hodhi limezungushiwa nondo, limefunikwa wavu wa chuma, limepigwa kufuli. Kibao kipya kilisema ni mali ya kale, kuchota ni kosa. Kando yake, kwenye kiti cha plastiki, ameketi mlinzi mwenye fulana ya kambi ya Tushar, maana kambi ndiyo iliyopewa kazi ya kulitunza eneo.

"Fungua, kaka. Nachota."

"Hairuhusiwi, bibi. Kuna watu walilalamika maji yanachafuliwa."

"Ni mimi niliyelalamika!"

"Kumbe ni wewe?" Mlinzi akasimama kwa heshima. "Basi ofisi inakushukuru sana."

Hausabai aliupitisha mkono kati ya nondo. Uliingia mpaka kiwiko, vidole vikagusa maji, ya baridi, safi, hayana hata harufu ya sabuni. Chungu hakikupita. Akajaribu lota, nayo haikupita. Nyuma yake wanawake waliokuwa wakipanda walianza kufika mmoja mmoja, wakashusha vyungu.

"Sisi tunywe wapi?" akamuuliza mlinzi. Hakuwa anapiga kelele tena. "Mwezi wa tano huu. Niambie wewe, mwanangu, tunywe wapi?"

Kijana wa watu akaangalia viatu vyake. Akasema maji yapo, kambini, kwenye friji. Chupa ya lita moja ni rupia arobaini.