Maji Niliyapikia Uji

Mwanangu ni profesa wa tabia za watu. Msimuogope, hasemi siri za mtu. Anatafiti kwa nini mtu akiambiwa jambo la kumwokoa halifanyi. Huku kwetu Mlali wananiuliza, "Bibi, huyo wako anachoma sindano?" Hachomi. Anauliza maswali, akimaliza anauliza tena.

Alipoanza alikuwa moto. Ugonjwa wa vikope ulikuwa unatumaliza macho: nzi wamejaa kwenye nyuso za watoto, na sisi wazee kope zimegeukia ndani, zinakwangua jicho kama miiba. Akaja na gari la chuo kutoka Dodoma mjini, akasimama mbele ya kina mama: "Ndugu zangu, tunawe nyuso, na watoto tuwanawishe!" Jioni namuigiza, shingo juu, miwani puani, anacheka mpaka anakaa chini. "Mama, utanifukuzisha kazi!"

Watu walinawa. Mwaka ule mvua ilikuwa nzuri. Akaandika, akapanda cheo, akaitwa nchi za watu kueleza tulivyobadilika.

Akarudi kiangazi. Pampu ya kisima imekufa, tunachimba mchanga korongoni kupata maji. Nyuso zilezile, nzi walewale. Akamuuliza jirani yangu kwa nini ameacha kumnawisha mtoto. Yule mama ana sauti kama kanga aliyeona nyoka: "Dada, ndoo moja! Ninywe, nipike, mbuzi anywe, halafu nimwoshe huyu uso akautie vumbi tena? Njoo uoshe wewe!"

Mwanangu hakubisha. Tangu siku hiyo kila ripoti aliyopeleka kwa wafadhili ilisema hivyohivyo: hawa wanajua, wapeni maji. Kina mama wakapata habari. Wakaanza kunisalimia kwa adabu kama mama mkwe. "Shikamoo Bibi. Mwanao kasemaje, kisima kinakuja?" Nami najibu kinakuja.

Simu yake ilipoita mwanangu alikuwa kwangu, anasonga ugali. Akaiweka sauti ya nje. Mwanaume wa wafadhili, sauti laini, kama mtu anayembembeleza ng'ombe huku kaficha kisu: "Profesa, kazi yako nzuri mno. Ila fungu hili ni la kubadili tabia. Visima si eneo letu. Rudia utafiti, tuone namna ya kuwahamasisha zaidi."

Akasema, "Sawa." Akasema tena, "Sawa."

Nikabana pua, nikamuigiza yule bwana. Hakucheka.

"Kataa," nikamwambia.

"Nikikataa watamtuma mwingine, Mama. Asiyejua hata kisima kilipo."

Ugali ukaungua pale pale, na hakuna aliyeutoa.

Juzi amekuja na maswali mapya kwenye kishikwambi. Ameanza na mimi, maana nyumba yetu ndiyo ya kwanza kutoka barabarani. Akaniamkia kama mgeni, akakaa kwenye kigoda.

"Jana ulinawa uso mara ngapi?"

"Sikunawa. Maji niliyapikia uji."

Akatazama kioo.

"Jibu hilo halimo humu, Mama."

"Yamo yapi?"

Akasoma polepole. "'Nilisahau.' 'Sikuona umuhimu.' 'Sijui faida yake.'"

Jicho langu la kushoto limeshaingia ukungu na la kulia linawasha usiku na mchana. Lakini yeye nilimwona. Kidole kimesimama hewani.

"Weka nilisahau," nikasema.

Akabonyeza. Akainuka, akajikung'uta vumbi, akaenda kupiga hodi kwa jirani.