Magogo ya Mzee Qamara

Fabiola alikuwa akipukuchua mahindi uani kwake, Tumati, alipomwona Mzee Qamara anapanda kilima na gogo begani. Nyuma yake walifuata wanaume watatu, kila mmoja na lake. Kwao magogo mazima hayaletwi uani kwa mtu ila kuna msiba. Huwashwa nje, wanaume wakaota moto hadi maziko. Na gogo likishashushwa, halirudi lilikotoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Pole ya nini?"

Mzee akamtazama Getruda, jirani aliyekuwa akimsaidia Fabiola tangu asubuhi. Getruda akainamia mahindi yake.

Bonaventura, kifungua mimba wa Fabiola, ni fundi wa helikopta jeshini, aliyepelekwa nchi ya mbali kulinda amani. Jumapili ofisa alipiga simu. Helikopta aliyokuwamo Bona ilipotea njia kwenye ukungu, ikavuka mpaka na kuingia kwa maadui, haikuonekana tena. "Tunaendelea kutafuta, mama." Fabiola akamuuliza kama hao wanaotafuta wanaruhusiwa kuvuka mpaka. Ofisa akakohoa, akaaga. Tangu hapo kikohozi kile hakijamtoka masikioni.

"Redio imetangaza," alisema Mzee Qamara.

"Imetangaza kwamba imepotea. Dume lako jekundu si lilipotea likafika hadi Bashay, baba? Uliliwashia moto?"

Mmoja wa wanaume alicheka, akajikaza. Hermani, mwenye mdomo mwepesi, akasema, "Lakini dume halianguki kutoka juu, Mama Bona."

"Funga bakuli lako!" Getruda alimkaripia.

Mzee Qamara alikuwa amechoka. Akalishusha gogo lake, na wenzake wakashusha yao.

"Yarudisheni," Fabiola alisema.

"Unajua hayarudi, mwanangu."

"Basi msiwashe."

Hawakuwasha. Walikaa kuyazunguka magogo yao makavu, makoti yamefungwa hadi shingoni, wakiongea kwa sauti ya chini kama watu walioko msibani. Fabiola akapiga tena namba ya mwanawe. Mwanamke yule wa kwenye simu akamwambia, kwa upole uleule, kwamba haipatikani. Akapiga namba ya ofisa. Iliita mpaka ikakata.

Alasiri wingu lilishuka, mvua ikaanza. Wanaume wakakimbilia barazani. Fabiola akabaki uani, anatazama matone yakiyapiga magogo. Yalowe, aliwaza. Yaoze. Kisha akafikiria simu ikiita kesho na habari mbaya, uani pana watu, na kuni zilizolowa zinazotoa moshi tu. Wangemwombolezea Bona kwenye baridi.

Akainama, akashika gogo upande mmoja alivute barazani. Lilikuwa zito, halikusogea.

Mzee Qamara akatoka barazani, akaingia mvuani.

"Sijasema muwashe," Fabiola alimwambia.

"Hujasema, mwanangu," alijibu mzee, akashika upande wa pili.