Kioo cha Darubini na Mate ya Mzee

Mwanangu, wacha nianze na ile inaniaibisha zaidi: mzee alibariki kazi yangu, mimi nikapangusa baraka na shati.

Nakumbuka vizuri. Ilikuwa miaka ya tisini, kwa karakana ya vioo huku Kitengela. Shule niliachia darasa la sita, tukaachana kwa amani. Lakini kioo cha darubini nilikuwa najua. Unalaza sahani ya kioo juu ya bakuli ya udongo, unawasha tanuri, inalainika pole pole mpaka inazama katikati kama kitanda ya kamba. Ikipoa unaiweka juu ya pipa, unaisugua na unga wa mawe, ukizunguka hilo pipa wiki baada ya wiki. Wapita njia walidhani nimepoteza kitu.

Kioo ninachokuambia kilikuwa cha kwanza mimi na rafiki yangu Lemayian kutengeneza peke yetu. Mwenye karakana alisema kikionyesha mwezi vizuri, kazi ya darubini ni yetu. Kikikataa, turudi kwa glasi za juisi. Tukakipaka fedha, ile ngozi nyembamba inafanya king'ae. Nikakishika mikono miwili, na baba ya Lemayian akafika kutoka Kisaju kuona.

Akaangalia. Akaangalia tena. Halafu, vile wazee Wamaasai hubariki, akatema mate. Pfu! Mate yakatua kwa kioo na kwa vidole vyangu.

Nilijua ni baraka, lakini mkono ukatangulia akili. Nikapangusa. Fedha ikatoka na shati, mstari mzima.

"Mutua! Umefanya nini?" Lemayian akashika kichwa.

"Nimesafisha."

"Umesafisha mpaka kazi yetu!"

Fedha ingine haikuwako. Jioni tukakiweka kwa darubini na kovu yake. Mwezi ukaingia, mwanangu, na mashimo yake yote, wazi kama uso wa jirani. Mwenye karakana akachungulia, akaondoka, akarudi kuchungulia. "Hiyo kazi ni yenu," akasema. Sijawahi kuwa mrefu kama jioni hiyo.

Kwa hivyo tia bidii kwa umbo, ile kazi ndefu ya kusugua watu wanakuchekea. Mng'ao ukikwaruzwa, umbo itakusimamia. Na mkubwa akikubariki, tulia, hata ukilowa. Mungu akupe mikono mitulivu, na rafiki wa kuzunguka pipa na wewe.

Usiku huo mzee alipoenda, nikamwambia Lemayian naona aibu kuharibu baraka ya kioo. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Wewe, kioo iko na watoto ndio ibarikiwe? Baba alikuwa analenga mikono zako."