Spika Niliyoikata Kama Sikio la Mbuzi

Mjukuu wangu ana bendi ya roki. Ndiyo, roki, zile kelele. Wako watatu: yeye anapiga gitaa na kuimba, kijana Mkongo wa kambi ya wakimbizi yuko kwa besi, na msichana wa Sudan Kusini anapiga ngoma kama zimemwibia mbuzi. Walianzia hapa kwangu Kakuma, nyuma ya nyumba, maana kanisani walifukuzwa wiki ya kwanza tu.

Gitaa lake lilitumia spika moja kuukuu, karatasi yake ya ndani imepasuka. Kila akikwaruza nyuzi, spika inanguruma kama mtu aliyemeza vumbi. Nilimhurumia. Mtoto anaimba vizuri hivi, Jumamosi anaenda kupiga Lodwar mbele ya watu kwa mara ya kwanza, halafu na chombo kigonjwa! Basi Alhamisi, akiwa chuo, nikaibeba kichwani mpaka kwa fundi Msomali pale sokoni. Akaiziba na gundi, safi kabisa. Nikarudi nikijisifu njia nzima.

Jioni wakaja mazoezi. Akapiga. Sauti ikatoka nyembamba, tamu, ya watoto wa shule ya Jumapili. Wote wakanigeukia.

"Shosho, umefanya nini?"

"Nimeitibu."

"Ilikuwa nzima, Shosho! Hiyo ngurumo ndiyo sisi!"

Mkongo, ambaye huniita Koko, yaani bibi kwa lugha yao, akacheka mpaka akakaa chini. "Koko ametuulia simba, ametuachia paka."

Mjukuu wangu hakucheka. Alichomoa waya, akaukunja polepole. "Basi Lodwar hatuendi."

Hapo nikaumia. Nikamkumbuka marehemu mzee wangu akimwimbia ng'ombe wake, koo limejaa mchanga, sauti inakwaruza mpaka mbwa wanainuka. Kulikuwa na wanaume wenye sauti laini. Mimi niliolewa na hiyo ya mchanga. Nikajua nimeziba nini.

Nikaingia ndani nikatoka na kisu cha kukatia mbuzi alama.

"Shosho, wacha! Utaiua kabisa!"

"Tangu babu yako afe, masikio ya mbuzi wote hapa nakata mimi. Kuna mmoja alikufa? Shika vizuri."

Nikakata alama ya mifugo yetu kwenye karatasi ya spika: mapengo mawili ukingoni, mpasuo mmoja katikati. Akarudisha waya, akapiga mara moja.

Lo! Ilinguruma kuliko zamani, nzito, kuku wakaruka ua. Msichana wa ngoma hakungoja kuambiwa, akaingia. Mjukuu wangu akafumba macho, akaimba.

Jumamosi nilikaa mbele kabisa pale Lodwar, nimevaa shanga zangu zote. Wimbo wa kwanza tu, bwana mmoja nyuma yangu akaguna, "Hii spika imeharibika."

Nikageuka. "Ejok, ni nzuri hivyo, mwanangu. Haijaharibika. Hiyo ni alama ya kwetu."