Nimelikanyaga Sale la Mume Wangu

Mhariri, nakusalimu. Jina langu naomba libaki mezani kwako, maana mume wangu hulisoma gazeti hili kila linapofika misheni.

Mimi ni mwanamke wa Kirua Vunjo. Mama anasema nilizaliwa wakati wa nzige, kwa hiyo nakadiria nina miaka ishirini na tano hivi. Nilibatizwa mtoto, nikapata kipaimara, nikafunga ndoa kanisani kwa shela la kuazima. Mume wangu ni seremala na tena ni mzee wa kanisa. Kama umewahi kukaa kwenye benchi za kanisa letu, umekalia kazi ya mikono yake. Kazi nyingine ya mikono hiyo iko mgongoni mwangu.

Kabla ya ndoa mchungaji alitufundisha kwamba Mungu aliiweka ndoa kwa ajili ya watoto, kusaidiana, na kuonyesha jinsi Kristo anavyolipenda Kanisa. Niliyaamini yote na bado nayaamini, ndiyo maana naumia. Mume wangu alishika moja tu, la watoto. Mwaka ulipopita bila mimba akaanza kunipiga. Alinipiga kwa mkanda, kwa ubao, na siku moja kwa nyundo, akanivunja mfupa wa bega. Kosa langu siku ile lilikuwa ndizi zilizoungua. Akishamaliza hunivuta tupige magoti, na sala anaiongoza yeye.

Nilikimbilia kwa baba. Mume akaja na sale, lile jani refu tunalopanda mipakani. Kwetu Uchagani aliyekosa akikuletea sale humkatalii. Anayekataa anajitafutia laana, yeye na ukoo wake. Baba akalipokea, wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, nami nikarudishwa bega likiwa bado limefungwa.

Baadaye nikashika mimba, nikadhani yamekwisha. Asubuhi moja nilichelewa kurudi na majani ya ng'ombe, akanipiga teke la tumbo nikaanguka mlangoni. Mtoto akatoka siku ileile. Alikuwa wa kiume. Tulimzika migombani, na mume wangu alilia kuliko mimi. Haikupita wiki akaanza kusema Mungu amenifunga tumbo kwa sababu ya kiburi changu.

Nikaondoka tena, safari hii nikapitia kwanza kwa mchungaji. Si mtu mbaya. Aliniambia nivumilie, kwa kuwa mume ni mfano wa Kristo na mke ni mfano wa Kanisa. Nikamjibu, "Baba mchungaji, Kristo alipigwa kwa ajili ya Kanisa. Hakulipiga." Akasema ndoa ya Kikristo haiachwi ila kwa kifo, na nikiendelea kukaa kwa baba itabidi nizuiwe Meza ya Bwana.

Jumamosi iliyopita mume wangu alikuja na sale jingine. Alifuatana na wazee wa ukoo na mkara wetu, yule mzee aliyesimamia ndoa yetu. Baba akanyoosha mkono alipokee. Nikamtangulia. Nililichana, nikalitupa chini, nikalikanyaga mbele yao wote. Wazee wakasimama. Mama akajifunika uso kwa kanga. Mume wangu akaokota panga la baba, akanisukuma hadi ukutani, akaniwekea shingoni. Hakupaza sauti. Alisema, "Uliapa mpaka kifo. Mimi sivunji kiapo."

Damu ilikwisha kuanza kunitiririka kifuani wanaume walipomshika. Hapo nikachukua mchi, nikampiga nao mdomoni wakati ameshikwa mikono yote miwili. Meno yalimtoka. Sijutii, na hilo linanitisha kila ninapopiga magoti.

Sasa baba anasema kukanyaga sale ni kosa zito kuliko kumpiga mke, na hataki laana ile ilale nyumbani kwake. Wanataka achinjwe mbuzi wa kunitakasa, kisha nirudi kwa mume. Jumapili baada ya ibada nimeitwa mbele ya wazee wa kanisa nijieleze. Mume wangu hajaitwa kujieleza. Yeye atakaa upande wa wazee, kwenye benchi, anisikilize.

Ndugu wasomaji, nishaurini. Msiniambie nivumilie, hilo nimeambiwa na kila mtu. Meza ya Bwana naipenda, na ndoa bado naiona ni kitu kitakatifu. Lakini mchungaji anasema kifo peke yake ndicho kitakachotutenganisha, ukoo wangu unasema vivyo hivyo, na mume wangu amelisema akiwa na panga mkononi. Nikirudi katika nyumba ile mmoja wetu atakufa, na siku hizi sina hakika kama ni mimi. Nifanye nini?