Taa Iliyowaka Kabla ya Simu

Baba yangu alikuwa mhandisi wa umeme. Mvua ikikata umeme hapa Tukuyu, alitoka na mafundi wake kutengeneza laini. Kabla ya kuwasha, alimpigia mama: "Tumeshashuka nguzoni wote, mama watoto. Subirini taa."

Jioni moja taa iliwaka na simu haijaita. Majirani zetu wa Bulyaga walishangilia, "Umeme umerudi!" Mama aliacha mwiko kwenye sufuria, akasimama akiitazama balbu. Nilitaka kuuliza, nikaogopa jibu.

Baadaye baba aliingia amelowa chapachapa.

"Simu imeingia maji. Mmekula?"

"Tule nini?" mama alifoka, machozi yakimtoka. "Ndizi zimeungua!"

Miaka kadhaa baadaye, baba alifariki kwa maradhi, kitandani kwake. Hata sasa umeme ukirudi, mama huitazama simu kwanza.